Wenye nyumba wa pwani ya mashariki ya Unguja na utalii endelevu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengi niliulizwa barazani, mengine kwa simu kutoka Muscat na London, na machache nikiwa kisimani na ndoo mkononi. Ninaishi Jambiani, na nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne niliyoijenga kwenye kiwanja alichotuachia marehemu baba. Ninajibu kama mwenye nyumba anayezungumza na wenzake, kuanzia Michamvi mpaka Makunduchi. Pale jambo linapohusu Mji Mkongwe, nimesema.

Huo "utalii endelevu" una maana gani kwa mtu mwenye nyumba yake tu?

Una maana ya vitu vya kushikika: maji unayovuta ardhini, maji machafu unayoirudishia ardhi, taka zako zinakolala, njia ambayo watu wanashukia pwani, na nani katika kijiji anayekula kutokana na wageni wako. Nyumba inayoingiza pesa leo huku ikiharibu kisima ambacho mjukuu wako atakihitaji, hiyo haiendelei, hata kama mirija ya juisi ni ya mwanzi na taulo zimekunjwa kwa umbo la ndege.

Kwani ardhi ya Zanzibar si ya serikali? Sisi tunamiliki nini hasa?

Swali hili ndilo la kwanza, ingawa watu huliuliza mwisho. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na Sheria ya Ardhi Na. 12 ya 1992 inasema ardhi yote ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Mzanzibari hupata haki ya kuitumia. Nyumba, minazi na vipando vingine vilivyo juu yake ni mali yake. Ndiyo maana mauziano mengi ya zamani huku shamba yaliandikwa kuwa ni ya minazi kadhaa, mbele ya sheha, na kila aliyekuwepo alijua kuwa kinachohama mkono ni kiwanja.

Mgeni hapewi ardhi moja kwa moja. Hupangishwa kupitia Mamlaka ya Ukuzaji Uwekezaji, ZIPA, kwa kawaida kwa miaka 33 inayoweza kurefushwa. Tangu ilipopitishwa sheria ya kondominio ya 2010 anaweza pia kununua fleti katika mradi ulioidhinishwa.

Kwa hiyo nikisema "wenye nyumba" humu ndani, nawakusudia watu wa aina nne: mwenyeji anayelala hapo hapo, ndugu yake wa mjini au ng'ambo aliyerithi sehemu, mwekezaji mwenye mkataba wa miaka, na mwenye fleti ambaye huiona fleti yake wiki mbili kwa mwaka. Ukiwachanganya hawa wanne kwenye kapu moja hutaelewa chochote kuhusu misimamo yao.

Je, ni kweli kwamba wenyeji hatuutaki utalii?

Si kweli. Nyumba nyingi za mawe unazoziona zikichukua nafasi ya zile za udongo na makuti zimejengwa kwa pesa ya utalii, iwe mshahara wa jikoni hotelini, iwe kodi ya kiwanja, iwe safari za ngalawa. Watu wanalijua hilo na wanalishukuru.

Lakini idadi imekwenda mbio. Mwaka 1985 watalii waliofika Zanzibar hawakufika 20,000. Mwaka 2024 walikuwa 736,755. Sensa ya 2022 ilituhesabu sisi wenyewe 1,889,773, Unguja na Pemba pamoja. Mtaalamu mmoja aitwaye Doxey alieleza mwaka 1975 kwamba mji unaopokea wageni hupita hatua nne: kwanza furaha, kisha mazoea, kisha kero, mwisho uadui. Si kila mahali hupita hatua hizo kwa mpangilio huo, lakini mtu akipanda baiskeli asubuhi kutoka Makunduchi kuelekea Paje, kabla ya adhuhuri ataziona tatu za mwanzo njiani. Kuna vitongoji ambako mtalii bado anaitwa ndani kunywa chai, na kuna vitongoji ambako watoto hawainui hata macho.

Kwa nini wenye nyumba wawili walio ukuta kwa ukuta wana misimamo tofauti kabisa?

Nitalijibu kwa urefu, kwa sababu naamini hiki ndicho kiini cha jambo zima.

Upande wangu wa kusini anaishi mama mmoja mtu mzima, ana vyumba viwili vya kukodisha. Maneno "utalii endelevu" sijapata kumsikia akiyatamka. Lakini kila jioni baada ya magharibi huzunguka uani na tochi ya simu akikaza mifereji ya bomba, na mgeni akiosha miguu yenye mchanga kwa mpira wa maji, humletea ndoo na kopo, kwa upole, "chukua hii mwanangu". Upande wa kaskazini kuna jumba la ghorofa moja la mtu wa mbali. Tovuti yake imejaa maneno yote mazuri ya mazingira. Bwawa lake la kuogelea hujazwa upya kwa maji ya kisima kilichochimbwa uani, na majani ya bustani yake hunyweshwa saa saba mchana, jua likiwa utosini.

Zamani nilidhani ni suala la elimu, au la moyo. Sasa siamini hivyo. Yule bwana wa kaskazini amesoma kuliko sisi sote mtaani, na akija ni mtu mkarimu, husalimia hadi watoto. Tofauti iko kwenye kisima. Mama yule anakunywa maji ya hapa. Chumvi ikiingia, chai yake ndiyo ya kwanza kuharibika. Bwana yule, maji yake ya kunywa huja kwa gari kwenye madumu ya lita 20, na chumvi ikiingia atasoma habari zake kwenye ujumbe wa meneja.

Jambo la pili ni muda. Mtu aliyebakiwa na miaka michache ya mkataba hana sababu ya kupanda mti utakaotoa kivuli baadaye. Meneja mwenye mkataba wa mwaka mmoja anafikiria msimu huu wa kaskazi na ule wa kusi, basi. Mwenyeji anafikiria kaburi lake litakuwa wapi.

Kwa hiyo siku hizi nikitaka kujua msimamo wa mwenye nyumba simwulizi kama anaunga mkono utalii endelevu. Kila mtu huunga mkono. Namwuliza: maji ya chai unayapata wapi? Karo lako la maji machafu lilifunguliwa lini mara ya mwisho? Wanao wanasoma skuli gani? Majibu ya hayo matatu hunitosha.

Maji ya kisima changu yameanza kuwa na chumvi. Ni ukame, ni hoteli, au ni mimi?

Yawezekana ni vyote vitatu. Ngoja nieleze namna inavyofanya kazi, kwa sababu nikieleza hivi barazani watu hubadilika usoni.

Pwani yetu ya mashariki ni maweni, mawe ya matumbawe yenye matundu. Hatuna mto. Maji matamu tunayovuta ni mvua iliyopenya chini na kuelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu. Pampu ikishusha maji kwa sentimita 10 tu, mpaka wa chumvi chini hujitayarisha kupanda mita 4. Huo ndio ugonjwa wa visima vyetu, na ndiyo maana kisima kirefu chenye pampu yenye nguvu kinaweza kuharibika haraka kuliko kile kifupi cha kuteka kwa ndoo.

Nani anavuta zaidi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na shirika la Uingereza la Tourism Concern, uliofanywa Kiwengwa, Nungwi na hapa Jambiani, ulikuta kaya ya kawaida inatumia lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Soma tena: kaya nzima, na chumba kimoja.

Zile lita 686 zinatuhusu sisi wenye nyumba ndogo. Nilipozisoma sikuzikubali, nikaenda kupima. Nina simtangi la lita 1,000 juu ya mnara. Vyumba vyote vinne vikiwa na watu, pamoja na jiko na ufuaji wa mashuka, nililijaza zaidi ya mara moja na nusu kwa siku. Ni chini ya kiasi cha utafiti, lakini bado ni mara nne ya jirani kwa kila chumba. Niliona haya. Nikamwita fundi bomba tukabadilisha vichwa vya shawa, tukatia tofali la plastiki lililojaa maji ndani ya kila tangi la choo, tukaacha kubadilisha mashuka kila siku isipokuwa mgeni aombe. Sasa simtangi moja hunifikisha siku nzima na kidogo juu yake. Hakuna mgeni hata mmoja aliyelalamika.

Dalili ya kwanza ya chumvi si lazima iwe ladha. Inaweza kuwa sabuni. Ikiwa sabuni ya mche uliyoizoea inakataa kutoa povu, jaribu maji ya kisima cha jirani kabla hujamlaumu mwenye duka.

Je, tusivune maji ya mvua?

Tuvune. Masika hapa humwaga maji mengi na tunayaacha yaende zake baharini. Tatizo ni paa. Wageni wanapenda makuti, na makuti hutoa maji ya rangi ya chai, yasiyofaa kwa kunywa wala kufulia nguo nyeupe. Nilichofanya mimi: vyumba vya wageni vina makuti, lakini jiko, stoo na baraza la nyuma vimeezekwa bati, na michirizi yake yote inaelekea kwenye tangi la chini ya ardhi. Mgeni haoni bati, na mimi napata maji ya kufulia hadi katikati ya kusi.

Karo la kawaida lina ubaya gani? Wazee wetu wote walitumia.

Wazee wetu walikuwa na choo kimoja na hawakuwa na shawa. Shimo lisilo na sakafu lililochimbwa kwenye mawe yenye matundu ni sawa na kumwagia kisimani, inachukua siku kadhaa tu kufika. Jenga karo la vyumba viwili au vitatu, lenye sakafu na kuta zilizopigwa lipu, na maji yanayotoka mwisho yapitie kitanda cha kokoto na mimea (migomba na matete hufanya kazi vizuri) kabla hayajazama. Liweke mbali na kisima chako na cha jirani, na upande wa chini kuelekea baharini, si wa juu. Hoteli kubwa zinatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari za mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya Zanzibar ya 2015, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, ina haki ya kuja kukagua. Nyumba ndogo mara nyingi hupita bila kuangaliwa, na sisi ni wengi.

Nimejenga mbele ya bahari kwa pesa zangu. Kwa nini nisitie uzio mpaka mchangani?

Sheria kwanza: Zanzibar inataka ujenzi uwe mita 30 kutoka alama ya maji kujaa. Kule bara Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Ufukwe wenyewe ni wa watu wote.

Sasa nikueleze nilichokiona kwa macho. Ilikuwa maji ya bamvua, bahari imekupwa mpaka kwenye mwamba, saa nne asubuhi. Mama mmoja anapanda kutoka kwenye mwani na polo kichwani. Mwani mbichi ni mzito, na unamwaga maji, yale maji yanamtiririka shingoni mpaka mgongoni. Njia aliyoipita tangu akiwa mwari imezibwa kwa uzio wa miti ya mikandaa na maua ya bogenvila. Anasimama. Hawezi kulitua polo kwa sababu akilitua hapati wa kumtwika. Anageuka, anafuata uzio kwa hatua kama mia tatu hadi kwenye kichochoro, huku mlinzi kijana, mtoto wa kijiji hiki hiki, akitazama pembeni.

Uzio ule haukumnyima mtu chakula wala haukuvunja nyumba. Lakini jioni ile kijiji kizima kilikuwa na habari. Tangu siku hiyo mwenye nyumba yule akipotelewa na kitu, hakuna aliyeona. Akitaka vibarua, wana udhuru. Mtu aliyefunga njia amefunga na masikio ya kijiji.

Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima ni wanawake. Kwa wengi ndiyo pesa yao ya kwanza isiyopita mkononi mwa mume. Bei yake haijawahi kuwa nzuri, maji ya ufukweni yamezidi joto na ile aina ya mwani iitwayo kotoni, yenye bei bora, inakufa, na juu ya hayo shamba linagombaniwa na wanaoteleza kwa tiara za baharini, ambao kamba za mwani na vijiti vyake kwao ni hatari. Mwenye nyumba aliye mbele ya bahari ndiye anayeweza kupatanisha. Anaweza kuwaelekeza wageni wapite upande gani saa za kupwa, anaweza kuacha njia ya mita tatu pembeni ya kiwanja chake, anaweza kununua sabuni ya mwani kwa akina mama wale wale. Vivyo hivyo kwa diko: wavuvi wakishazoea kuegesha ngalawa mahali fulani, usiwahamishe. Mandhari ambayo mgeni wako anapiga picha ni hizo ngalawa.

Bahari inakula kiwanja changu. Nijenge ukuta?

Ukuta wa zege unakulinda wewe kwa misimu michache na unamhamishia jirani tatizo. Wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu na kuchukua mchanga wa chini, kisha ufukwe unaotangazwa kwenye picha unatoweka wakati wa maji kujaa. Kwanza acha mimea inayotambaa juu ya mchanga, usiifyeke ili pawe peupe. Rudisha nyuma vijumba vya mbele kama vimejengwa kwa miti. Kama hapana budi kujenga, kaeni majirani wote wa ufukwe ule na mhandisi mmoja, maana ukuta wa mtu mmoja ni ugomvi wa watu kumi.

Nikifanya haya yote, faida yangu haitapungua?

Mwaka wa kwanza utatoa pesa: karo, tangi, mafundi. Baada ya hapo unarudisha, hasa kwenye umeme na maji. Wenye umri wanakumbuka umeme ulivyokatika Unguja nzima kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika. Miezi mitatu, na msimu umechanganya. Jenereta zililia usiku kucha na mafuta yakala faida yote. Mimi nilinusurika kwa sababu vyumba vyangu vilikuwa vimejengwa kwa namna ya kizamani: dari juu, madirisha mawili yanayotazamana ili upepo wa kaskazi uingie huku na kutokea kule. Tangu hapo sijaona haja ya kiyoyozi, na sola imechukua mzigo wa taa na mafriji.

Kuhusu mgeni kulipa zaidi kwa sababu wewe ni mwangalifu, usitegemee sana. Wapo wanaolipa, si wengi. Mgeni hulipia usafi, chakula kitamu, usingizi, na kupokewa vizuri. Vinne hivyo vinawezekana bila kukausha kisima.

Vyeti na nembo za kijani vina maana?

Kwa hoteli yenye vyumba 60, vina maana, kwa sababu kampuni za safari za Ulaya huviuliza. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, ada ya cheti inaweza kuwa ghali kuliko karo jipya. Jenga karo.

Taka je?

Usizike, usichome plastiki, usitupe kwenye machimbo ya mawe wala kwenye mapango. Mapango yetu mengi yanaungana na maji tunayokunywa. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, lakini chupa za maji zimechukua nafasi yake. Weka mtungi mkubwa wa maji yaliyochujwa barazani na uwape wageni chupa za kujazia. Chupa za kioo ziweke kando, kuna karakana Unguja zinazozikata kuwa bilauri na taa. Mabaki ya jikoni yana wateja: kila jirani ana kuku.

Mavazi, pombe na muziki ni sehemu ya utalii endelevu, au hayo ni ya dini tu?

Ni sehemu kubwa. Kijiji kikichoka na wageni, hakuna tangi la maji litakalokuokoa. Wenye nyumba wanaoishi hapa hulielewa hili bila kuambiwa, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa msikitini. Wanaoishi mbali huliona baada ya mgogoro.

Mimi nina karatasi moja kila chumbani, kwa lugha tatu: kijijini funika mabega na magoti, kuogelea vaa utakavyo ufukweni, ukipanda njia ya kijiji jifunge kanga, usimpige mtu picha bila kumwuliza, mtoto usimpe pesa wala pipi. Muziki unazimwa kabla ya alfajiri iwe ni nani analipa. Nimewahi kupoteza kundi moja la harusi kwa sharti hilo. Jirani zangu walilisikia hilo, na hadi leo mgeni wangu akipotea njia usiku huletwa mlangoni kwa mkono.

Sisi ni warithi tisa, watatu wako Oman na mmoja Canada. Wanaotaka kuuza ni wengi. Tufanye nini?

Hili ndilo linalouza pwani yetu kimya kimya kuliko mwekezaji yeyote. Nyumba moja, warithi tisa, hakuna anayekubali kutoa pesa ya ukarabati peke yake, nyumba inaoza, anakuja mnunuzi, kila mmoja anapata fungu ambalo haliwezi kununua hata kiwanja cha nyuma ya barabara. Mji Mkongwe, ulioingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, umejaa nyumba za namna hii. Zikiuzwa huwa hoteli, familia huhamia nje ya mji, na mtaa unabaki na wageni wanaopiga picha milango isiyo na wenyewe. Lile jumba la Beit al-Ajaib lilipoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 watu walilia, lakini nyumba za familia huanguka bila habari.

Msimamo wa ndugu wa ng'ambo usiuhukumu haraka. Yeye haoni nyumba, anaona simu za kuombwa pesa. Nimeshuhudia familia mbili zikiokoa nyumba kwa njia moja: waliandikiana, mbele ya wakili, kwamba nyumba haiuzwi kwa miaka kumi; mmoja anayeishi hapa anaiendesha na kupokea mshahara unaojulikana; hesabu hutumwa kila mwezi kwenye kundi la WhatsApp na picha za risiti; kinachobaki hugawanywa kwa mafungu ya mirathi. Ndugu wa Muscat aliyekuwa wa kwanza kutaka kuuza sasa ndiye anayeuliza kama paa limeshazibwa kabla ya masika.

Mkiona lazima kutoa, pangisheni badala ya kuuza. Na katika mkataba wa kupangisha andikeni kisima, karo na njia ya pwani kwa majina. Mwanasheria akiwaambia hayo ni mambo madogo, tafuteni mwingine.

Kuna mfano wowote uliofanikiwa, au ni maneno tu?

Kisiwa cha Chumbe, kusini magharibi mwa mji. Mwamba wake wa matumbawe ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na unasimamiwa na kampuni binafsi isiyolenga faida. Vibanda vya wageni ni saba tu. Kila kimoja kinakinga mvua kwa paa lake na kuhifadhi maji chini ya sakafu, vyoo ni vikavu vya kutengeneza mboji, umeme ni wa jua. Pesa ya wageni hulipa walinzi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi, na kuwapeleka wanafunzi wa skuli zetu kuuona mwamba wakiwa majini, wengi kwa mara ya kwanza.

Hatuwezi sote kuwa Chumbe, kile ni kisiwa na hakina kijiji. Cha kujifunza ni kuanza na kipimo cha maji, kisha ndipo kuhesabu vyumba. Sisi tunahesabu vyumba kwanza.

Sina pesa ya yote haya. Mwaka huu nianze na lipi?

Anza na kupima. Daftari moja, kila siku unajaza tangi mara ngapi na una wageni wangapi. Mwezi mmoja tu. Ukishaona tarakimu zako mwenyewe hutahitaji kuhimizwa. Kisha vichwa vya shawa na vyoo, ambavyo ni rahisi. Kisha karo, hata kwa kuchangia majirani wawili. Njia ya pwani haihitaji pesa, inahitaji kung'oa miti minne ya uzio.

Naweza kuja kuuliza ana kwa ana?

Karibu. Njoo siku za maji ya bamvua, wakati wa kupwa, ili tushuke pamoja tuone kamba za mwani na mahali maji matamu yanapochuruzika kutoka mchangani kuingia baharini. Yapo mpaka leo karibu na diko letu, watoto huchimba kwa mikono wakanywa. Na ukija, chukua chupa mbili: moja ijaze maji ya kisima chako, nyingine ya kisima cha jirani yako anayetumia pampu. Tutazionja zote mbili barazani kabla hatujaanza mazungumzo.